Mwendo wa Felista

Kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mtu hujulikana kwa jinsi anavyopanda mlima. Wapo wanaopanda wakiimba, wapo wanaopanda wakigombana na mbuzi, na wapo wale wanaokupita na tenga la kabichi kichwani kana kwamba wanateremka. Felista binti Yuliana alikuwa wa hao wa mwisho. Wenzake walikupita kimya. Yeye alikupita akikuamkia, akikuuliza hali ya wagonjwa nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu alikuwa ameshafika kona ya juu.

Nyumba yao ilikuwa mbali na barabara. Ukitoka uani unateremka matuta ya njegere mpaka kijitoni, halafu unapanda upande wa pili, mpando mkali wa udongo mwekundu, ndipo unatokea pale malori yanaposimama. Ardhi ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, kwa sababu kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mwanamke, na msimamizi wake ni mjomba. Baba yake Felista alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kilombero, huko akaoa tena, akabaki huko. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mama na binti, na mwanamume wa kusema nao alikuwa Mzee Yohana, kaka yake Yuliana.

Alipokuwa na miaka mitatu Felista aliugua. Homa ilimshika ikakataa kutoka. Macho yakawa mekundu bila tongotongo, midomo ikapasuka, ulimi ukawa mwekundu kama uliopakwa rangi, viganja na nyayo vikavimba hata mtoto akawa hataki kushika kijiko wala kukanyaga chini. Zahanati ya misheni walimpa dawa ya homa wakasema huenda ni surua ya namna yake. Homa ikaja ikashuka. Lakini ilipokwisha, ngozi ya ncha za vidole ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Yuliana aliviokota vile vipande kwenye shuka asubuhi, akavitupa motoni, akimwomba Bikira Maria visiwe kitu cha mwisho cha mwanawe kukishika. Havikuwa. Mtoto akaanza kula, akaanza kukimbiza kuku, na watu wakasahau. Nani atakumbuka homa ya mtoto aliyepona?

Akakua, akasoma darasa la saba, akashika jembe. Na miaka hiyo ndiyo dunia ilipogeuka. Mama yake alikuwa ameishi miaka ya foleni za sabuni na mazao ya kuuza mahali pamoja tu. Sasa serikali ikalegeza kamba, watu wakawa wanasema ruksa, kila mwenye lori ni mfanyabiashara. Malori ya Dar es Salaam yakaanza kuupanda mlima yenyewe, yakitafuta kabichi, karoti na njegere. Mitumba ikaingia, na wasichana wa kijiji cha Nyandira wakavaa masweta ya kizungu yenye picha za theluji shambani. Aliyekuwa na shingo ya kubeba alikuwa na maisha. Felista alikuwa nayo.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili kifua kilipoanza. Kilianza kama kitu kidogo. Akiwa katikati ya mpando, hasa kukiwa na baridi, alihisi kana kwamba mtu amemkalia kifuani, na uzito ule ukapanda hadi taya na kuteremkia mkono wa kushoto. Akisimama, unaondoka. Basi akawa anasimama, anajifanya anafunga kanga vizuri. Alisema ni gesi. Zahanati nako wakamwambia ni gesi, wakampa vile vidonge vyeupe vya kutafuna, maana nani angefikiria moyo kwa msichana wa umri ule, mwenye mashavu yale?

Siku moja ya gulio, uzito haukuondoka aliposimama. Alifika juu barabarani kwa sababu hakujua afanye nini kingine isipokuwa kufika. Pale palikuwa na lori linapakia, na utingo wake alikuwa Tomasi, kijana wa Kingolwira, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mrefu na mwenye maneno machache. Alikuwa amezoea kupokea tenga la Felista na kuambulia utani wake. Siku hiyo aliona uso wa majivu, na jasho likitiririka katika ukungu ule.

"Kaa," alimwambia, akilipokea tenga.

"Acha nipumue kwanza."

"Pumua basi."

Felista akakaa kwenye ukingo wa barabara, na Tomasi akasubiri, na akaona kwamba pumzi haiji. Alimwita dereva. Dereva akatazama kabichi ambazo hazijapakiwa, akamtazama msichana, akaguna, akawasha gari. Tomasi alimbeba Felista akamweka mbele. Yuliana aliyekuwa nyuma na tenga lake alitupa mzigo mtoni, akaupanda mpando ule kwa magoti na mikono, akadaka mlango wa lori likiwa limeanza kutembea. Kabichi zake zilielea mpaka kwa watu wa bondeni.

Hospitalini Morogoro Mjini Felista alilazwa wodi yenye madirisha yanayotazama milima ileile. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, Dokta Shakila, aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alimpima Felista umeme wa moyo, akampiga picha ya kifua, na ile picha akaiinua dirishani akaitazama muda mrefu. Juu ya kivuli cha moyo palikuwa na duara dogo jeupe, kama pete iliyoangushwa.

Alivuta stuli akakaa karibu na Yuliana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Felista alipokuwa mdogo, aliwahi kuugua sana?"

"Watoto wote huugua."

"Ugonjwa ambao hata wewe hukuuelewa. Homa ndefu."

Yuliana aliuchukua mkono wa binti yake uliokuwa juu ya blanketi, akaugeuza, akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole, kimoja kimoja.

"Vidole vilibanduka," alisema. "Hivi vyote."

Daktari hakuandika kitu. Aliuliza habari za macho, za ulimi, za midomo, na kila alipouliza Yuliana alijibu kama aliyeulizwa habari za juzi. Felista alikuwa amelala akisikiliza hadithi ya mtoto asiyemjua.

Walipelekwa Dar es Salaam kwa mashine inayouonyesha moyo ukicheza, na majibu yaliporudi Dokta Shakila aliwaita wote wawili. Hakuzungukazunguka.

"Nitawaambia ninachokijua, na nisichokijua nitawaambia sikijui," alisema. "Ugonjwa huu nimeusoma vitabuni tu. Ulielezwa na daktari wa Japani miaka ya sitini, kwa hiyo hakuna mtu wa zahanati ya huku ambaye angeujua Felista alipougua. Hata mimi kama ningekuwepo nisingeujua. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Inavimba kwa ndani, na unaoumia zaidi ni ule mshipa mwembamba unaoulisha moyo wenyewe. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli ikituna upande mmoja?"

"Nimeona," Felista alisema.

"Mshipa wako umetuna hivyo. Homa iliondoka, lakini pale palipotuna hapakurudi palivyokuwa. Pamekuwa pagumu, ndiyo ile pete nyeupe. Na wapo wanaosema kwamba ndani ya ukuta wa mshipa kama huo uvimbe hauishi kabisa. Unaendelea kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, kama makaa chini ya majivu, na mwenyewe hasikii joto. Damu ikifika hapo inazubaa. Damu inayozubaa inaganda. Na mbele kidogo mshipa umekuwa mwembamba, ndiyo maana ukipanda na mzigo moyo unalia njaa."

"Mshipa utakatwa?" Yuliana aliuliza.

"Hatuna uwezo wa kuukata hapa, mama, na kwa sasa sioni kwamba ni lazima. Atakunywa aspirini ndogo kila siku ya Mungu, damu isigande. Atakunywa na hii nyingine, ya kuupunguzia moyo mbio. Chumvi kidogo. Moshi wa sigara akae nao mbali. Mizigo basi, na kukimbia basi. Lakini atembee. Kila siku atembee, polepole, akichoka apumzike, asilale ndani."

Katika maneno yote hayo, Yuliana alisikia "basi" tu.

Waliporudi nyumbani, jembe la Felista likapotea. Ndoo ikapotea. Akiinuka kuchochea moto, mama ameshafika. Akitaka kuteremka kijitoni kuoga, maji yamo uani, yamepashwa. Wageni walikuja kumpa pole, wakamkuta ameketi kwenye kiti chenye mto, amefungwa sweta mbili, wakanong'ona kama watu walio msibani. Mwanzoni Felista alimwonea mama yake huruma. Baadaye akaanza kumchukia kuku aliyepita uani kwa uhuru wake.

"Mama," alisema asubuhi moja, "daktari alisema nitembee."

"Alisema upumzike."

"Alisema nitembee, nikichoka nipumzike."

"Ndiyo hivyo. Pumzika."

Felista aliinuka, akajitanda kanga mabegani, akatoka. Hakubeba kitu. Aliteremka matuta taratibu, akavuka kijito, akaanza kuupanda mpando ule ambao mwili wake uliukumbuka na kuuogopa. Alipiga hatua chache, akasimama akatazama njegere za watu. Akaenda tena, akakaa juu ya jiwe. Alipokuwa kwenye jiwe la pili alisikia kikohozi nyuma ya vichaka vya miwa. Alikijua kikohozi kile tangu alipozaliwa.

Hakugeuka. "Kama mtu yupo huko nyuma na amechoka," alisema kwa sauti ya kawaida, "jiwe hili linatosha wawili."

Ikapita kitambo, kisha Yuliana akatokea, magugu kwenye nywele, akaketi. Wakatazama bonde. Felista akaona kwamba mama amekonda kuliko yeye mgonjwa.

"Mama, nikikaa kwenye kile kiti nitakufa, na hautakuwa moyo ulioniua."

Yuliana alitoa magugu kichwani, jani moja moja. "Nilikupata mara mbili," alisema mwishowe. "Mara ya kuzaa na mara ya ile homa. Sasa naona kama naambiwa nikupate mara ya tatu, na mimi nimezeeka."

Felista alimwegemea. Walipoondoka pale walikwenda pamoja, na walifika barabarani gulio limekwisha nusu, na hakuna aliyewacheka isipokuwa mtoto mmoja ambaye mama yake alimfinya.

Kazi ilimkuta palepale barabarani. Wafanyabiashara wa Dar walikuwa na ujanja wa lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na kwa kilemba chote kile mkulima hapati kitu. Wanawake waliofika wamechoka na mizigo yao hawakuwa na pumzi ya kubishana. Felista alikuwa na pumzi, maana hakubeba kitu. Akawa anakaa pale, anapokea mazao ya majirani, anabishana kwa ajili yao, bila kupaza sauti, kwa utani uleule wa zamani. Baada ya misimu miwili lori likifika watu walisema, mngojeni Felista. Naye alikuja, kwa mwendo wake, na walingoja.

Tomasi naye alikuwa anangoja. Kila safari alileta salamu za Kingolwira kutoka kwa mama yake, ambaye Felista hakuwahi kumwona. Mwishowe siku moja alisema alichotaka kusema.

Felista alitazama chini. "Tomasi, uliniona nikibebwa."

"Nilikubeba mimi."

"Basi unajua. Mzigo sibebi. Kuni sichanji. Mtoto sijui kama nitapata. Na naweza kuondoka siku yoyote."

"Baba yangu alikuwa mzima kutuzidi sisi wote," Tomasi alisema. "Homa ya wiki moja tu ikamchukua. Mama hajawahi kuniambia anajuta kuolewa naye."

Mwezi uliofuata, siku ya kwenda kliniki, Felista alimwambia aende naye, ayasikie kwa masikio yake. Dokta Shakila aliyarudia yote, la pete, la makaa, la damu kuzubaa. Tomasi alisikiliza, kofia magotini. Felista akauliza habari za mtoto, akitazama ukuta.

"Si marufuku," daktari alisema. "Lakini si nyumbani, na si bila sisi. Ukishika mimba uje nikuone mapema, na kuzaa uzalie hapa."

"Na mimi nifanye nini?" Tomasi aliuliza.

"Wewe unavuta?"

"Navuta."

"Anza hapo."

Pakiti ilibaki juu ya meza ya daktari. Sigara aliiacha kabla hajaliacha lori.

Walifunga ndoa kanisani misheni, na Tomasi akahamia kwa mkewe, jambo ambalo mlimani halimshangazi mtu, ingawa Kingolwira lilizungumzwa sana. Sasa shida ikawa ile njia. Mimba ilipoingia, mpando uliokuwa mgumu ukawa hatari, na mvua zikianza hakuna gari wala machela ya kupita pale. Lukolo lilikuwa na kiwanja kimoja kando ya barabara, karibu na gulio. Zamani kiliota mabua tu. Sasa kila mtu alikitaka. Mfanyabiashara mmoja wa Morogoro alikuwa ameshamwendea Mzee Yohana akitaka kukikodi ajenge duka na ghala, na wapwa wengine walikuwa wameshaanza kuyaona mabati yake yakimeta.

Yuliana alimwendea kaka yake kumwombea Felista kiwanja kile ajenge. Mzee Yohana alisema atafikiri. Alikuwa mtu wa haki lakini mzito, na moyoni aliona kwamba binti huyu amekuwa akidekezwa. Mbona anaonekana mzima? Mbona ananenepa? Akatuma neno kwamba asubuhi Felista aje, waende naye kukitazama hicho kiwanja.

Wakaondoka wawili, mjomba na mpwa. Mzee Yohana alitangulia na fimbo yake, kama kawaida ya wanaume wa kule, na alipogeuka kusema kitu akaona yuko peke yake. Alirudi akamkuta Felista amesimama, mkono juu ya mgomba, akingoja kifua kitulie.

"Nisamehe, mjomba. Tangulia, nakuja."

Mzee hakutangulia tena. Alikwenda nyuma yake. Aliona jinsi anavyoupanda mlima kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari, akikadiria. Aliona mahali anapokaa, mawe yaliyokwisha kuwa laini kwa kukaliwa. Alikaa naye. Kwenye jiwe moja alimwambia habari za bibi yake, aliyezaa watoto tisa na kuwabeba wote mgongoni kwenye njia hii. Kwenye jingine walikula ndizi. Yeye mwenyewe aligundua kwamba magoti yake yanaushukuru mwendo ule, ila hakulisema.

Walipofika, jua lilikuwa juu. Kiwanja kilikuwa kile kile, mabua na jiwe kubwa katikati.

"Njia hii unaipita kila gulio?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Na hali hiyo?"

"Na hali hii."

Mzee Yohana alichomeka fimbo yake ardhini. "Tomasi alete tofali," alisema. "Duka litapata mahali pengine. Barabara ni ndefu."

Wapwa walinuna msimu mzima, halafu wakazoea, kwa kuwa baraza ya Felista ikawa ndipo mizigo yao inapohifadhiwa mvua ikinyesha. Yuliana alihamia naye, akibeba kile kiti chenye mto, ambacho sasa alikikalia mwenyewe.

Mtoto alizaliwa Morogoro, siku ya mvua, Dokta Shakila akiwepo na wauguzi wakiingia na kutoka zaidi ya ilivyo desturi. Alikuwa msichana, wakamwita Jesca. Felista alikaa wodini muda mrefu, kifua kikisumbua, na kwa siku kadhaa Tomasi aliyekuwa haongei akawa haongei kabisa. Kisha Felista akatoka, wakapanda mlima na mtoto mbele kwa dereva. Daktari alimwambia wazi: mmoja atosha. Felista alikubali. Alilia kidogo kwa ajili ya wale ambao hawatakuja, akafuta machozi, akamnyonyesha aliyekuja.

Moyo haukupona, moyo wa namna ile hauponi. Kila mwaka aliteremka mjini kupimwa, na mwaka mmoja alimkuta daktari mpya, Dokta Shakila kahamishiwa Mbeya. Huyu mpya alimwomba amweleze ugonjwa wake, na Felista akamweleza, kwa Kiswahili chake cha mlimani, na wakaelewana. Zipo asubuhi ambazo kifua humwambia leo usitoke, naye hatoki. Zipo nyingine ambazo huenda na Jesca kuchuma mboga kwenye shamba la zamani. Jesca ana miaka sita, na kutembea hajajifunza bado. Anajua kukimbia tu. Hukimbia mpaka kijitoni, akarudi kumweleza mama yake alichokiona, akakimbia tena, akarudi tena na jani au konokono mkononi. Felista hukipokea, hukitazama vizuri, husifu. Kisha huinuka kwenye jiwe lake, na Jesca huwa ameshatokomea, anaita kutoka chini kwamba maji leo ni baridi sana.